Bwana Ndiyo Hana Gari

Fundi alikiri kabla hajaulizwa. Inspekta alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka kikombe chake cha chai juu ya ile meza mbovu ya chumba cha mahojiano, iliyotegemezwa mguu kwa kipande cha boksi, na fundi akaanza kusema kama mtu aliyechoka na mzigo, anautua popote.

"Ni mimi, afande. Andika tu. Nilimsahau Bwana Ndiyo mle ndani, na yule mama akafa."

Kazini walimwita Tulia, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila mtu mitambo ikigoma. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati lake limepigwa pasi juzi na kulaliwa jana, na tangu aletwe kituoni hakuna aliyekuja kumwona wala kuuliza habari zake. Askari wa mahabusu alimwambia Inspekta jambo hilo asubuhi, kwa kupiga soga tu, nalo likamkaa moyoni.

"Bwana Ndiyo ni nani?"

"Si mtu." Tulia alijipangusa uso. "Ule mfumo wa dharura wa mji si kitu kimoja, afande. Ni vipande. Kimoja kinapokea kengele za watu, kimoja kinatafuta nyumba iko wapi, kimoja tunakiita Mtumaji, huyo ndiye anayechagua gari la wagonjwa na kulituma. Kila kipande kina mashine yake, nyingine hata haziko jengo moja. Halafu katikati kuna mfumo wa kati. Huo ndio unaovishikanisha, unachukua ujumbe wa huyu unampelekea yule. Vyenyewe kwa vyenyewe havijuani."

"Vinafanya kazi pamoja na havijuani?"

"Hata kidogo. Kila kipande kina matundu yake. Ujumbe unaingia hapa, jibu linatoka pale. Mfumo wa kati hauulizi ndani kuna nini. Unaangalia matundu yanalingana au hayalingani. Yakilingana, karibu ndani."

Inspekta aliinua mkono kumpunguza kasi. Alikuwa na sifa ya kukata maneno ya watu, lakini huyu alimwachia kamba, maana hakuonekana kama mtu anayezungusha.

"Ijumaa tulikuwa na mazoezi," Tulia aliendelea. "Siku hiyo tunabonyeza kengele chungu nzima. Nikimwacha Mtumaji mahali pake, madereva watazungushwa mji mzima bure. Kwa hiyo namtoa, naweka cha bandia nilichokitengeneza mwenyewe. Matundu yale yale, jibu lile lile: tumekupata, msaada uko njiani. Ndani mtupu. Hana gari hata moja. Ukimwambia nyumba inaungua, ndiyo. Ukimwambia bahari imekauka, ndiyo. Basi tukamwita Bwana Ndiyo."

"Na mazoezi yakiisha?"

"Namtoa, namrudisha Mtumaji."

"Ijumaa ulimrudisha?"

Tulia alitazama viganja vyake. "Hapo ndipo. Sikumbuki. Wewe, afande, asubuhi ulifunga mlango wa nyumba yako?"

Inspekta alijaribu kukumbuka. Aliishi peke yake, hakuna wa kumuuliza, na mkono wake ulikuwa umeshafunga mlango ule mara nyingi mno. "Nadhani nilifunga," alisema.

"Na mimi nilikuwa nadhani. Jumatatu nimeingia kazini, namkuta Bwana Ndiyo amekaa kwenye kiti cha Mtumaji kama mwenye nyumba. Nikamrudisha Mtumaji pale pale, nikajiambia, umeua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu wa ghorofa ya tatu. Jumapili mchana alibonyeza kengele aliyovaa shingoni, ile wanayopewa wazee wasio na wa kuwaangalia. Kengele ikamjibu kwa upole. Wengine waliobonyeza mchana huo walipoona hawafikiwi walipiga simu kwa kelele, wakatumiwa gari kwa mdomo, kila mtu akidhani ni foleni tu barabarani. Mkunga hakuwa mtu wa kusumbua watu. Siku ya pili alikutwa amekaa kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, komeo limetolewa, mkoba uko mapajani, na ndani ya mkoba gauni la kulalia, mswaki na miwani. Hakuwa amempigia mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliambiwa msaada uko njiani. Inspekta alikiona kile kiti kwa macho yake, na tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa kituo, naye hakuwa na salamu.

"Faili liende kwa mwendesha mashtaka kabla ya chakula cha mchana."

"Mkuu, bado sijaridhika."

"Mtu amekiri. Unataka malaika washuke wamtilie sahihi?"

Inspekta akasema sawa, Mkuu, kwa ile sauti ya kukubali bila kuahidi.

Kwenye benchi la ukumbini alikuta mzee akimsubiri. Alikuwa fundi viatu, vidole vyeusi kwa dawa ya kung'arishia, mdogo wa yule mkunga, ndugu pekee aliyebaki.

"Nasikia mmempata, mwanangu."

"Yuko mtu tunamhoji, mzee wangu."

"Niulizie swali moja tu." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda. "Kuna kijana pale ghorofa ya chini alianguka ngazini akateguka mguu. Mguu tu! Wakabonyeza kengele ya baba yake, gari likafika hata majirani hawajamaliza kukusanyika. Dada yangu aliyezalisha mtaa mzima anaachwa akae kwenye kiti. Yeye hakuwa mtu?"

Inspekta aliyekuwa ameshaanza kumpa pole alikatisha. "Kijana huyo aliteguka lini?"

"Jumamosi. Dada mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa mguuni. Alinipigia jioni akanisimulia. Akasema siku hizi mambo yamekuwa mazuri, ukibonyeza tu wanafika." Mzee alisugua vidole vyake vyeusi. "Nikamwambia nitakupigia kesho. Kesho nikawa na viatu vya watu, sikupiga."

Inspekta alikaa naye pale benchini kidogo. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mzee yule. Akili yake, hata hivyo, ilikuwa imeshatoka mbio. Mazoezi yalikuwa Ijumaa. Jumamosi gari lilikuja, tena jengo lile lile. Bwana Ndiyo hana gari. Kwa hiyo Jumamosi Mtumaji wa kweli alikuwa mahali pake, na aliyemrudisha ni Tulia, akumbuke asikumbuke.

Basi Jumapili nani alimweka Bwana Ndiyo?

Meneja wa kituo cha dharura alimpokea kwa bashasha ya msibani. Ofisi yake ilikuwa na ukuta wa kioo uliotazama ukumbi wa simu, na ukumbini walikuwamo wapokeaji wawili tu, wanawake waliokaa mbalimbali kama abiria wasiojuana, meza tupu zimejaa katikati yao. Zamani, Meneja alisema, ukumbi ule ulikuwa na makelele ya soko. Sasa mfumo ulifanya yote.

"Ni pigo kubwa," alisema. "Tulia ni mtu mzuri, lakini ni mpweke mno. Mtu asiye na wa kuongea naye husahau mambo."

"Jumamosi mlimchukua kijana aliyeteguka mguu. Nani alituma gari?"

Meneja alifungua kinywa, akakifunga. "Labda Ijumaa Tulia alimrudisha Mtumaji, halafu Jumapili akaja akamweka tena yule wa bandia. Kwa kukosea. Au si kwa kukosea. Sitaki kumsemea mtu."

"Nimeongea na mlinzi wenu hapo chini. Jumapili hakuingia fundi yeyote."

"Basi alifanya akiwa nyumbani kwake."

"Mfumo wenu unafunguka ukiwa nje?"

Meneja alikuna kidevu. Huo ulikuwa mtego wa aina mbaya, maana kusema ndiyo kungekuwa kujivua nguo mwenyewe. "Haufunguki. Kwa usalama."

"Kwa hiyo Jumapili hakuna mkono wa mtu ulioshika mtambo, na kipande kimebadilika. Linawezekana hilo?"

"Linawezekana sana!" Hapo fahari ilimpanda. "Hiyo ndiyo nguvu yetu, Inspekta. Mfumo wa kati unasikiliza kila kipande kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Kipande kikinyamaza, hujapepesa jicho, umeshainua akiba yake kwenye mashine nyingine na kuikabidhi kazi. Hakuna anayegundua. Hakuna anayehitaji..." Akakatisha.

"Endelea."

"Ndivyo unavyofanya kazi."

"Jumapili Mtumaji alizimia, mfumo ukainua akiba yake. Akiba ya Mtumaji ni nani, Meneja?"

"Ni Mtumaji wa pili. Pacha wake."

"Nionyeshe huyo pacha."

Meneja alianza kusema habari za vibali na kikao alichokuwa nacho, lakini Inspekta alikuwa ameshafungua mlango na kumwita mpokea simu aliye karibu, mama mnene mwenye sauti ya kuliwaza ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. Mwenzake akabaki na simu. Shangazi aliwapeleka chumba cha kufundishia wapokeaji, ambako mpango wote wa ukumbini ulikuwa umenakiliwa kama ulivyo, vipande vile vile na akiba zile zile, ila magari yake yalikuwa taa ndogo tu kwenye ramani ya ukutani. Akampa Inspekta kengele ya shingoni.

Inspekta alibonyeza. Ukapita ukimya mfupi, halafu sauti ya kike ikasema: "Tumekupata. Msaada uko njiani." Ukutani taa moja ikaanza kutembea.

"Sasa mzime Mtumaji, Shangazi."

Shangazi alimtazama Meneja. Meneja alikuwa anatazama sakafu. Shangazi akabonyeza.

"Tayari, amezima."

Inspekta alibonyeza tena kengele, na jibu likatoka kabla hajaondoa kidole. Sauti ile ile, maneno yale yale. Wakasubiri, lakini ukutani taa zote zilikuwa zimeganda.

"Mbona safari hii imejibu upesi?"

"Yule wa kwanza anatafuta gari kwanza ndipo anajibu," Shangazi alisema polepole. "Huyu hana cha kutafuta." Akashika kinywa. "Jamani. Huyu si Bwana Ndiyo?"

Meneja aliomba kukaa. Hakuna aliyemzuia.

"Ilikuwa ni ukaguzi wa leseni," alisema. "Tulia alikuwa likizo. Mtumaji wa pili alikuwa hajaiva, wanaomtengeneza walikuwa bado wanamhangaikia. Wakaguzi walitaka waone Mtumaji akifa, akiba inashika. Nikamwandikisha Bwana Ndiyo kuwa akiba. Matundu yake yanalingana, mfumo haukusita. Wakamzima Mtumaji, akiba ikashika papo hapo, wakapiga makofi."

"Hawakuuliza gari liko wapi?"

"Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanatazama jibu."

"Na baada ya ukaguzi ukasahau kumtoa."

Ingekuwa heri kwake angesema ndiyo. Lakini alikuwa amechoka, na pengine hata yeye alikuwa hajapata mtu wa kumwambia. "Sikusahau. Akiba tupu ingeonekana kwenye taarifa. Nilisema nitangoja wa kweli aive. Mtumaji alikuwa hajawahi kuzimia."

"Na Tulia alipojitwisha?"

"Alikiri mwenyewe, Inspekta. Mimi ningefanyaje?"

Inspekta alimtazama mtu yule na suti yake safi. Alikuwa anaona jambo lingine, baya zaidi, likija. "Shangazi, umesema mpango wa huku ni sawa na wa ukumbini. Sawa na ulivyo leo?"

"Sawa na ulivyo sasa hivi." Rangi ilimpotea Shangazi. "Na Mtumaji tangu asubuhi anakohoa, afande. Anakaribia kunyamaza, anazinduka. Akinyamaza kabisa..."

"Mtoe huyo kiumbe," Inspekta alimwambia Meneja.

"Kumweka ni rahisi, hata mfumo ukiwa unatembea. Kumtoa lazima umfungue Mtumaji mwenyewe na kumfunga upya, tundu kwa tundu. Ukikosea, mji mzima unakuwa kiziwi." Alionyesha mikono yake. "Hii siku hizi ni ya vikao. Anayeweza ni Tulia."

Mkuu alifoka hadi simu ikakwaruza. Mtuhumiwa hatoki, alisema, na faili liko wapi? Inspekta alimwambia mtuhumiwa anatoka, tena na yeye mwenyewe, na kwamba askari anapanda kumkalia Meneja, na maelezo yatafuata. Akakata. Miaka yote ya kazi hakuwahi kumkatia Mkuu simu, na alishangaa jinsi ilivyokuwa jambo dogo.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa Tulia. Alipoelezwa, alijikunyata kwenye benchi la mahabusu na kutikisa kichwa.

"Mtafute mwingine. Mikono hii siiamini tena."

"Ijumaa ulimrudisha Mtumaji."

"Unanifariji tu, afande."

"Mimi sijui kufariji watu, waulize wanaonijua. Jumamosi kijana wa jengo lile aliteguka mguu, gari likamfuata. Marehemu mwenyewe alimfunga kitambaa. Lile gari lilitumwa na nani, Tulia? Na Bwana Ndiyo?"

Tulia alifumba macho. Midomo yake ilicheza, akifuata Ijumaa yake hatua kwa hatua, na safari hii alikuwa na mahali pa kufikia. Kisha akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea kulia mbele ya watu. Inspekta hakujua aushike mkono wake au asiushike. Akampa leso ya karatasi, na alipomaliza akamfungulia mlango.

Kwenye ukumbi wa simu Tulia alivuta kiti, akanyoosha vidole. "Nikimfungua Mtumaji, kila kengele ya mji italia kwenye simu za mezani. Mpokee kwa mdomo, mtume kwa mdomo. Mko wangapi?"

"Wawili," Shangazi alisema. "Na simu zilizo hai ni tatu. Afande, kaa hapo mwisho. Maneno ya kusema yako kwenye karatasi. Ukipata mtu, nitajie kwa sauti, mimi nina redio ya madereva."

"Tulieni," alisema Tulia, na akaanza.

Simu ya kwanza ililia kwa yule mpokea simu mwingine. Ya pili kwa Shangazi. Ya tatu ikalia mbele ya Inspekta, na akainyakua.

"Halo?" Sauti ya bibi, pumzi zimemkaba. "Halo? Mnanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Kisha, kwa woga: "Wewe ni mtu?"

Ile karatasi ilikuwa mbele yake, imeandikwa kwa herufi kubwa. Tumekupata. Msaada uko njiani. Inspekta aliigeuza kifudifudi.

"Ni mtu, mama. Tena kazi hii siijui, nimekalia kiti cha watu tu. Niambie unaumwa nini, na nyumba iko wapi. Usikate."

Bibi akasema kifua, na mkono wa kushoto, na akataja mtaa. Inspekta alirudia kila neno kwa sauti. Shangazi akalirusha redioni, dereva akaitikia, na kwenye ramani ya ukuta wa ukumbini, ambako kila taa ni gari la kweli, taa moja ikajibandua kwenye kundi la wenzake.

"Wanakuja?" bibi aliuliza. "Kweli?"

"Naliona gari lako hapa ukutani. Limetoka. Sasa linakata kona ya hospitali."

Nyuma yake Tulia alishusha pumzi ndefu. "Mtumaji amesimama. Bwana Ndiyo hayupo." Kwenye kioo chake palikuwa na maandishi mekundu yasiyopendeza: HAKUNA AKIBA. Tangu sasa Mtumaji akizimia, mfumo utapiga yowe na mtu atalazimika kuinuka. Tulia aliyatazama maandishi yale kwa muda, mikono imetulia mapajani. "Afande, mashine imeshapokea kazi. Unaweza kuweka simu chini."

Mfukoni mwa Inspekta simu yake ilikuwa inatikisika, Mkuu bila shaka. Akaiacha itikisike mpaka ikachoka.

"Usiende," bibi alisema, kana kwamba amesikia.

"Siendi. Gari limepita darajani. Hapo nyumbani unakaa na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Na mimi hivyo hivyo," alisema Inspekta, akavuta kiti karibu na meza. "Endelea kuongea."